Gombe ni jirani, kufika ndo kazi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti letu. Mimi nimezaliwa Ujiji, nina miaka 41, na mpaka mwezi uliopita sijawahi kukanyaga Gombe, yani hifadhi ipo kama kilometa 16 tu kaskazini mwa Kigoma mjini ila barabara hakuna, unaenda kwa maji kama mtu anayekwenda kisiwani, afu sisi wenyeji tumeshajiwekea kwamba kule ni kwa wazungu na sokwe.

Sasa akaja shemeji kutoka Tabora, akasema twende. Kibirizi, pale boti zinapoondokea, tumefika saa nne, boti tukaambiwa saa sita, saa sita ikawa saa nane mana bado wanapakia, magunia, kreti za soda, magodoro, mbuzi wawili, na sisi juu yake. Maboya ya kuvaa niliyaona sita, matano yamefungwa kamba kwenye nguzo ya turubai na moja kalikalia nahodha. Abiria tulizidi hamsini. Na ziwa lenyewe ndo hili Tanganyika linaloshuka mpaka mita 1,470, hiyo shemeji nilimficha.

Ila maporomoko ya Kakombe kule hifadhini, dah! Unapanda bonde kwa mguu, msitu umefunga, ubaridi unakugusa shingoni kabla hujaona kitu, mara hayo maji yanadondoka karibu mita 25 kwenye ukuta wa mwamba na unalowa ukiwa umesimama mbali kabisa. Muongozaji akasema sokwe madume wakifika pale wanasimamisha manyoya, wanayumba, wanabembea kwenye kamba za miti, wanarusha mawe mtoni, mambo ambayo Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyekuja 1960, aliyaona na kuyaandika. Shemeji alikaa kwenye jiwe robo saa kimya, na huyo mtu hanyamazi hata msibani.

Tatizo boti za kurudi mjini zinapita alfajiri, kwahiyo huwezi kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lazima ulipie na kulala, au ukodi boti yako na bei yake mtu wa mshahara wetu haigusi. Wahusika watusaidie boti moja tu, hata Jumamosi peke yake, iende asubuhi irudi jioni, saa ijulikane na kila abiria awe na boya lake. Binti yangu wa darasa la sita kila siku ananiuliza lini na yeye, namwambia subiri boti.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma