Barua kwa mwanangu: ya alizeti nayo ni mafuta

Mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Sisi hapa Tanga wazima, ila mimi tangu Ijumaa usingizi sina. Dada yako kaniambia ulipimwa huko Dodoma, lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, ikakutwa iko juu, ukaambiwa urudi baada ya miezi 3. Miezi 3 imekwisha. Kwa nini nisikie kwa dada yako? Umerudi kupima?

Kasema pia unalalamika kwamba ukipunguza mafuta chakula kinakuwa cha mgonjwa. Najua umelitoa wapi hilo. Marehemu baba yako mchuzi usioelea mafuta alikuwa hausogelei, nami nikimpa alivyotaka, kikombe kizima kwa sufuria moja na tui zito juu yake. Mlikuwa mkila sinia moja. Alipoangushwa na kiharusi watu walisema ni presha, na presha alikuwa nayo kweli, lakini jiko langu nalijua mwenyewe.

Usiniambie ya alizeti hayana neno kwa kuwa yanakamuliwa hukohuko. Ni bora kuliko mawese na tui, sikatai. Lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9, yawe ya alizeti, yawe samli. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha mchuzi wako wa siku mbili. Kitunguu kikianza kushika chini nyunyiza maji kidogo, koroga, kikikauka nyunyiza tena, mpaka kigeuke rangi. Utamu wa mchuzi unaanzia hapo, nawe huna subira, unataka kitunguu kiogelee kiive upesi. Nyanya nazo ziache zikauke kabisa. Kitunguu saumu na tangawizi ponda mwenyewe. Bizari nzima ikaange kavu hadi inukie ndipo uitwange.

Chukuchuku, ule mchuzi wetu wa kuchemsha tu, unaijua, sikufundishi. Haina tone la mafuta na hujapata kuilalamikia. Ndimu kamulia ukishaepua, ikichemka sana harufu yake inapotea. Kuku mvue ngozi, umlaze kwenye mtindi na binzari na pilipili, kisha umchome. Ukitaka nazi tumia tui la pili, na la kwanza utie kijiko kimoja tu mwisho, kwa ajili ya harufu. Ladha ikipungua usikimbilie chumvi, baba yako chumvi nayo ilimponza. Ongeza ukwaju.

Umerudi kupima lakini? Maana hizo chipsi zege za kila usiku nimeambiwa nazo. Mafuta yale yako jikoni tangu mchana, na chipsi zikitiwa kabla hayajachemka vizuri ndiyo zinayanyonya zaidi. Sikusomesha mtu akae ofisini ili jioni ale wima barabarani. Hata hivyo nakushukuru, baba, hela ya bati imefika, fundi kaezeka upande wa jiko na mvua hii haijavuja. Majirani wananiuliza ni kazi ya nani, nawaambia ni ya Salim.

Mbuzi ya kukunia nazi imevunjika mguu. Nilitaka nimpe seremala, nikaiacha. Siku hizi napika mchicha kwa nyanya, kitunguu na ndimu, mjukuu wangu anamaliza. Ningeanza zamani.

Keshokutwa nakutumia kifurushi kwa basi la asubuhi: ukwaju, bizari, na pilipili za uani nilizozianika. Kakipokee stendi usiku huohuo, na lile kopo la plastiki ulirudishe, la shangazi yako. Karatasi ya vipimo, ya zamani na hiyo mpya, zipige picha umtumie dada yako anisomee. Nitamuuliza Jumatatu.

Mama yako.