Risala ya wazazi wa watoto wenye selimundu kwa mgeni rasmi, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wauguzi wetu, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana Mbagala, na pole kwa foleni.

Leo, Juni 19, ni Siku ya Selimundu Duniani. Maumivu ya mifupa na kuongezewa damu umeshayasikia. Sisi tumekuja na jambo moja: oksijeni.

Chembe nyekundu za damu za watoto wetu zina himoglobini S, yaani kile kibeba oksijeni cha damu, lakini chenye kasoro ya kurithi. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana, chembe zikapinda kama mundu na kuziba vijishipa. Palipoziba hukosa oksijeni, na nyingine zikapinda. Ndiyo maana kwao kifua kikibana, hakuna kusubiri kukuche.

Mwenzetu mmoja alimfikisha mwanawe kituo fulani cha afya usiku, anahema juujuu. Oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, ilisoma asilimia 90. Akaambiwa na muuguzi, "Mama, hawa wa selimundu ndivyo walivyo." Akatoa daftari la shule, lina mafuta ya taa kidogo, lakini linasomeka: mtoto akiwa mzima ni 96, wiki nyingine 97. Daftari lile ndilo lililompatia rufaa na mtungi wa oksijeni usiku uleule.

Muuguzi naye alikuwa na ukweli kidogo. Wapo watoto wetu ambao 93 ndiyo kawaida yao, maana himoglobini S huachia oksijeni upesi. Basi namba ya usiku wa ugonjwa bila namba ya siku ya uzima haisemi yote. Tena ngozi nyeusi huweza kukifanya kipimo kisome juu kuliko hali halisi, na piko au rangi ya kucha hukivuruga. Mabinti zetu wakienda harusini, waache kidole kimoja.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni kila mtoto apimwe oksijeni anapohudhuria kliniki akiwa mzima, na namba iandikwe kwenye kadi yake. Wanaokoroma sana waulizwe na habari za usiku, maana wengine oksijeni huwashuka usingizini. Pia tunaomba oksimita mbili, ya zahanati na ya shule ya msingi, pamoja na betri zake. Betri tunazitaja makusudi.

Tunaomba kuwasilisha.