Wachongaji waulizwe kuhusu ufundi wao

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya wachongaji wa vinyago vya Kimakonde hapa Mtwara. Mmewauliza sana shida zao, ufundi mmeupita juu juu. Mpingo hutia butu hata tezo iliyonolewa vizuri. Anayeuchonga anajua aanzie wapi ili gogo moja litoe ujamaa, yaani kinyago cha watu waliobebana, na lini ufa humlazimisha abadili sura ya kinyago cha shetani. Hayo hayamo katika makala yenu kwa maneno yao wenyewe.

Napendekeza maofisa utamaduni wa halmashauri wawarekodi, kwa Kimakonde na Kiswahili. Madukani nako, jina la mchongaji liambatane na kinyago. Wanunuzi huuliza bei tu, na siwalaumu, maana jina lenyewe halipo.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara