Watoto wetu wanafunzwa kompyuta kwa karatasi na gundi

Mhariri,

Ile habari yenu ya juzi, yenye picha ya mheshimiwa akikata utepe mbele ya kompyuta ambazo hata nailoni hazijavuliwa, ndiyo iliyonitoa kwenye kimya changu. Nalisoma gazeti hili tangu ujana na sijapata kuwaandikia hata mstari. Lakini mkatwambia kwamba watoto wa Mombasa sasa ni mabingwa wa mambo ya kidijitali. Mabingwa gani? Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa mtaa wa Majengo. Hao mabingwa siwaoni. Ninaowaona mimi kila jioni ni mama zao.

Muhula huu, usiku mmoja nimeshazima taa za mbele, akaingia mama mmoja na daftari la mwanawe wa Gredi ya Tano. Kazi ya nyumbani ilikuwa hii: mwanafunzi amwandikie rafiki yake barua pepe. Kazi nzuri, sina neno. Ila chini yake mwalimu ameongeza kwamba barua hiyo ichapishwe na ibandikwe daftarini. Mama hana anwani ya barua pepe. Au tuseme anayo, alifunguliwa na kijana mmoja mjini siku alipokuwa akitafuta hati ya tabia njema, na nywila amebaki nayo huyo kijana. Mtoto mwenyewe yuko nyumbani kalala. Nikamwambia, mama, mlete kesho akae mashineni kwa mikono yake, sitamtoza. Akanitazama kama niliyemtukana. Daftari linakusanywa asubuhi, na asiyeleta anasimamishwa nje ya darasa. Basi nikaketi mimi, mzee mwenye ndevu nyeupe, nikajifanya mtoto wa miaka kumi, nikamwandikia rafiki asiyekuwepo duniani kwamba likizo naenda Lamu kwa nyanya. Mama akataka ya rangi, akihofia nyeusi itakatwa alama. Akalipa, kisha akaniuliza kama nina gundi.

Barua hiyo haikutumwa kwa mtu yeyote. Alama nasikia ilipata nzuri.

Jumamosi yake yule mtoto akapita dukani, nikamketisha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutelezesha kidole kwenye kioo cha kompyuta yangu, akingoja kisogee. Kipanya hakijui. Alama ile ya katikati ya anwani ya barua pepe hajui inabonyezwaje, ingawa kibodi nzima ameshawahi kuichora kwenye karatasi ngumu ya manila na kuipaka rangi, nayo ikatundikwa ukutani darasani. Ndivyo mtu anavyofunzwa kuogelea kwenye mkeka. Na usidhani ni mzito wa akili. Mpe simu ya mamake uone, TikTok anaipekua hata hatazami. Simu hiyo hiyo ndiyo aliyosambazia ujumbe wa umejishindia pesa, bonyeza hapa, kwa ukoo mzima mpaka kwa ami yake aliyeko Muscat. Mimi kwa fikira zangu ujuzi wa kidijitali unaanzia hapo: nani kaniandikia haya, na anataka nini kwangu. Hilo halibandikiki kwa gundi.

Mnaandika kana kwamba jambo hili limeanza na utepe wa juzi. Mwaka 2013 si tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza? Vipakatalishi vikageuka vishikwambi, vikaanza kugawiwa 2016, na kwa miaka iliyofuata vikapita milioni moja nchi nzima, pamoja na projekta na mashine za walimu. Waliokuwa Darasa la Kwanza mwaka huo wa 2016 ndio waliokuja kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho kabisa, 2023, kwa penseli na karatasi. Ukaja mtaala wa umilisi, ujuzi wa kidijitali ukawekwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ikaidhinisha hata somo la kuandika programu. Yote yameandikwa vizuri, usiulize. Lakini shule moja ninayoijua mimi, vishikwambi viliwekwa kabatini, kufuli mbili, kwa kuogopa wezi, vikakaa humo mpaka betri zikafa, na hii hewa yetu ya chumvi ikamalizia kilichobaki. Watoto walionyeshwa kabati. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo intaneti yenyewe imeingilia mlangoni kwetu! Nyaya za TEAMS na SEACOM zilitoka baharini hapa hapa Mombasa mwaka 2009, ya EASSy ikafuata, zikapita chini ya miguu yetu kwenda kuwafaa watu wa Nairobi na Kampala, na huku mwalimu wa Mombasa ananunua bando kwa pesa zake ili awaonyeshe watoto sitini picha ya volkano kwenye simu iliyopasuka kioo.

Mwalimu simlaumu sana. Yeye mwenyewe namwona dukani kwangu siku ya mwisho ya kupakia alama za tathmini, jasho linamtoka, anafika saa mtandao umeshaelemewa.

Na maadamu nimeanza, niseme na la wazee. Tangu huduma za serikali zihamie mtandaoni, mzee wa watu anakuja kwangu na kitambulisho, simu na namba yake ya siri, vyote ananikabidhi kama anayeweka amana msikitini. Nina daftari la nywila za watu ambalo likianguka mikononi mwa mwingine, nusu ya mtaa itaamka haina kitu. Mimi namcha Mungu. Wapo wenzangu wasiomcha, na wapo wanaowatoza wazee ada ya kufufua akaunti ambayo wao ndio waliyoifunga. Hao wazee nani anawafunza? Mjukuu ambaye kibodi anaijua ya manila?

Mtaniuliza, wewe si unakula pesa za kuprinti, walalama nini? Nazila, naam, na kazi za watoto ndizo zinazonilipia kodi ya duka. Hata hivyo nina mashine nane ambazo kila Alhamisi, saa nane hadi saa tisa na nusu mchana, zinakaa bure kwa sababu watu wameshakula wali wamelala. Nilikwenda shule ya karibu nikasema leteni watoto, bila malipo, na printa nitaichomoa waya mbele yenu. Mwalimu mkuu akanisikiliza kwa adabu, akasema inahitajika barua kutoka juu, kwa sababu watoto watavuka barabara. Barabara hiyo hiyo wanaivuka kila siku kufuata viazi karai.

Basi kama hilo ni gumu, fanyeni hili jepesi. Mheshimiwa yeyote atakayekuja kukata utepe, kompyuta moja ivuliwe nailoni, iwashwe, aketi mwenyewe bila msaidizi, aichape hotuba yake na awatumie ninyi kwa barua pepe kabla ya soda kufunguliwa. Akishindwa, mzigo urudi garini. Akiweza, ichapisheni kama ilivyofika, na makosa yake.

Mwenye saiba,
Majengo, Mombasa