Mbu wa dengue hazaliwi mtaroni

Mhariri,

Mvua kubwa zikinyesha Dar es Salaam, tangazo ni lile lile: zibueni mitaro, laleni ndani ya chandarua. Kwa malaria hatuna ubishi. Lakini homa ya dengue, iliyotusumbua mwaka 2014 na tena 2019, ina mbu mwingine. Aedes, mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya magharibi, na hutaga kwenye maji masafi ya nyumbani: pipa la bafuni, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, kisahani cha chungu cha maua.

Joto linampa nguvu. Kwenye nyuzijoto 25 virusi huhitaji takriban wiki mbili ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Kwenye 30 ni kama wiki moja tu. Kwa kuwa mbu haishi sana, wengi zamani walikufa kabla ya wiki hizo mbili kutimia. Ukame nao unachangia, maana mabomba yakikauka kila nyumba hujaza mapipa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wagonjwa zaidi ya milioni 14, na siku hizi hata Ufaransa na Italia watu huambukizwa huko huko bila kusafiri.

Wengi humwaga maji wakadhani wamemaliza. Mayai hubaki yameganda ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na huvumilia ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, yanaanguliwa. Kwa hiyo sugua ndani kwa brashi ngumu na sabuni mpaka kwenye ukingo, kila wiki bila kuruka, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10. Mfuniko uliopasuka haufai. Funga kitambaa chepesi kwa mpira, na bomba la kumwagia ziada la simtanki lizibe kwa wavu. Gari la kupuliza dawa mitaani linapendeza kwenye picha, lakini linaua mbu wanaoruka tu.

Na homa ikija, kipimo cha malaria kikisema hakuna, usikimbilie sindano ya diklofenaki, wala aspirini au ibuprofeni: huongeza hatari ya kutokwa damu. Mtu mzima atumie parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, akiacha angalau saa 6 kati ya dozi, na anywe maji mengi. Hatari zaidi ni homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati mgonjwa anadhani amepona. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au akilegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mwili umepoa.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam