Atu, anzia huku huku kwetu

Kihesa, Iringa
Mwishoni mwa Juni

Mpendwa Atu,

Kamwene! Ujumbe wako niliupata juzi usiku nikitoka zamu ya redioni. Nilianza kuujibu kwenye simu, nikaona maneno yanazidi kidole, nikaamua nikuandikie barua kamili. Baridi ya huku mwezi huu unaijua, kwa hiyo naandika na blanketi mabegani, lakini nina furaha kukuandikia.

Unasema tangu mahafali ya Novemba umepeleka barua za maombi ya kazi ya uandishi wa habari hadi fedha ya kutoa kopi za vyeti imekuishia, na mjomba wako wa Tabata amekuahidi pa kulala ukiamua kwenda kubahatisha Dar. Unaniuliza uende au usiende. Usiende kwanza. Anzia huku. Nisome hadi mwisho kabla hujakata tiketi.

Dar kazi zipo, sikatai. Ila fikiria utakuwa unafanya nini. Utatumwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari hotelini, maikrofoni zimepangwa mezani hadi msemaji haonekani kidevu, na jioni utaandika kile kile alichoandika kila mtu, kwa sababu wote mlisimama mbele ya mtu yule yule akisema maneno yale yale. Mhariri atakukumbuka kwa lipi? Huku ukipanda Busokelo, au mimi nikienda Kilolo, mara nyingi uko peke yako na daftari lako. Usipoiandika habari ile, hakuna atakayeiandika. Mkoa wa Mbeya una watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya mwaka 2022. Hesabu waandishi unaowafahamu hapo mjini, halafu jiulize ni wangapi kati yao waliolala kijijini hata usiku mmoja kwa ajili ya habari.

Ngoja nikupe mfano, kwa sababu ndio ulionifanya nipende kazi hii kwa moyo wote.

Ule Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ni 50.4, Rukwa 49.8, wakati wastani wa taifa ni 30. Mikoa inayolisha nchi, Atu! Mahindi, maharage, viazi, maziwa, parachichi, vyote vinatoka huku. Matokeo yalipotangazwa kila chombo kiliandika. Walitaja takwimu, wakaweka picha ya shamba la mahindi, wakamnukuu kiongozi akisema jamii ibadilike, kisha wakahamia habari nyingine. Mimi nilimwomba mhariri wangu nauli ya kwenda Mufindi.

Nilikaa siku nzima kwenye kliniki ya watoto ya kijiji kimoja ambako mashamba ya chai yanaanzia nyuma tu ya zahanati. Muuguzi alimlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu, akamnyoosha magoti taratibu kwa kiganja, akasoma namba, akaijaza kwenye kadi. Mama hakuuliza namba ile ina maana gani, na muuguzi hakumwambia, maana foleni ilikuwa imefika nje. Pembeni ya mama yule kulikuwa na trei la mayai, limefungwa vizuri kwa kamba ya katani, linasubiri Noah ya kwenda Mafinga. Nilimuuliza, "Mama, katika mayai haya mtoto anakula mangapi kwa wiki?" Alinyamaza kwanza, akamvuta mtoto karibu. "Haya ni ya sare na daftari za kaka yake, dada. Huyu anakula uji."

Baadaye nilimtafuta ofisa lishe wa halmashauri, akanieleza kitaalamu kuhusu siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na jinsi mama anayeshinda shambani anavyomwachia mtoto uji mwepesi kwa bibi. Yote yalikuwa ya kweli na yote niliyatumia. Lakini kipindi kilibebwa na lile trei. Kiliporushwa, simu zilizoingia studio hazikuwa za salamu. Walipiga akina mama, tena walipiga akina baba, wakibishana kama ni haki kuuza yai ili kununua daftari. Mimi sikuwa na jibu la kuwapa, na sikujifanya ninalo. Nimerudi kijijini hapo tena na tena tangu hapo, na sasa habari zinanifuata zenyewe: mtu anapiga simu anasema, dada wa redio, njoo uone hiki.

Hicho ndicho ninachotaka ukitafute, Atu. Chagua jambo moja la Nyanda za Juu Kusini ulijue kuliko mwandishi yeyote nchini, halafu ulifuatilie miaka.

Na wewe unalo mlangoni. Umekulia Uyole, umeona viazi vinavyoshuka kutoka Uporoto. Kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, inapita barabarani mchana kweupe na kila mtu anaiona. Waandishi tumeandika "wakulima walia na lumbesa" hadi kichwa hicho cha habari kimechakaa. Wewe fuata gunia moja. Kaa na mkulima tangu anapochimba, muone dalali anaposhonea kile kinundu cha juu, azima mizani ulipime mbele ya wote wawili, andika bei aliyolipwa mkulima, kisha ulifuate hadi sokoni Dar ambako viazi vile vile vinauzwa kwa sado na kwa kilo. Kisha nenda kwa Wakala wa Vipimo ukawaulize ukiwa na namba mkononi. Hapo Dar utakuwa umefika, tena ukiwa na kazi.

Sasa kuhusu wapi pa kuanzia. Kuna redio nyingi huku kuliko tulivyodhani tukiwa chuoni. Hapo kwenu kuna Bomba FM, hapa kwetu kuna Ebony FM, na kuna nyingine ndogo za wilayani ambazo watu wa mjini hata majina yake hawayajui. Usizidharau hizo ndogo. Kwenye chombo kikubwa utapangiwa dawati moja, na mwaka utaisha hujagusa mitambo. Kwenye redio ndogo asubuhi unasoma taarifa ya habari, saa nne uko kwenye baraza la madiwani, mchana unahariri sauti mwenyewe, jioni fundi mitambo ana dharura na wewe ndiye unayekaa mezani. Inachosha sana. Lakini ukitoka hapo hakuna mtu atakayekutisha kwa kazi.

Fanya na uandishi wa magazeti sambamba. Wahariri wa Dar wanahitaji watu wa mikoani. Wengi wanalipa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo usipeleke habari ya kila mtu. Peleka ile ambayo hawawezi kuipata bila wewe.

Karatasi zako ziweke sawa mapema. Kwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, huwezi kufanya kazi hii bila ithibati, yaani kibali cha kutambuliwa kuwa mwandishi, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari sasa inafanya kazi. Mwenyekiti aliyeteuliwa ni Tido Mhando, yule ambaye wazazi wetu walimsikiliza BBC. Kinachotakiwa kuanzia ni stashahada ya uandishi wa habari, na wewe una shahada, kwa hiyo usikae na cheti ndani ya begi. Omba presikadi yako, kitambulisho cha mwandishi. Na lile wazo lako la kufungua TV ya mtandaoni na wenzako, lisimame kwanza. Ukirusha habari mtandaoni unahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na kuna watu wamejikuta matatani kwa kudhani YouTube haina mwenyewe.

Kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo ambayo waandishi wachanga hawaitumii, ile ya Haki ya Kupata Taarifa. Ukitaka takwimu za halmashauri na kila ofisi inakuambia njoo kesho, andika barua rasmi kwa mkurugenzi. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule umenifungulia milango ambayo tabasamu lilishindwa.

Nije kwenye fedha, kwa sababu najua ndipo mama anapouliza, na ana haki ya kuuliza.

Watakuambia uanze kwa kujitolea. Wengi tumeanza hivyo. Kubali, lakini kwa masharti, na useme mapema kwa adabu: naomba nauli, naomba tukubaliane hadi lini, naomba iandikwe. Nilipofanya kazi mwanzo kulikuwa na wenzetu waliojitolea hadi wakasahaulika kama ni watu wa kujitolea, wanaitwa kwenye kila zamu na siku ya mshahara hawamo kwenye orodha. Bosi anayekasirika ukimwomba karatasi amekuonyesha atakavyokuwa baadaye. Ukishaajiriwa, uliza bima na mchango wa hifadhi ya jamii. Sheria ile ile ya 2016 inavitaka vyombo vya habari viwakatie wafanyakazi wake.

Na bahasha, zile za fedha wanazopewa waandishi. Atu, hapa nakusihi. Utakwenda kwenye semina, mwishoni itazungushwa karatasi ya kusaini, na kila mtu atakuambia ni nauli tu. Siku hiyo utakuwa unadaiwa kodi ya chumba. Naijua siku hiyo. Lakini anayekupa bahasha leo kesho atakupigia simu kukuambia habari gani isitoke, na hatakuwa na haja ya kupandisha sauti. Chombo chako kikulipie nauli. Kikishindwa, chagua habari ya kutembea kwa miguu. Mimi miezi ya njaa nimeishi kwa kusherehesha harusi na kufundisha tuisheni ya Kiswahili pale mtaani. Ninyi mna parachichi za Rungwe nyumbani. Mwambie mama akuachie mstari mmoja uuhudumie mwenyewe na mapato yake yawe yako. Nasema kwa dhati kabisa: mwandishi mwenye chakula chake nyumbani ni mgumu kununulika.

Jambo la usalama silipendi kuliandika, ila nitakuwa si rafiki nisipoligusa. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa klabu yetu ya waandishi hapa Iringa, aliuawa akiwa kazini pale Nyololo, Mufindi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho. Sisi tulikuwa bado watoto, lakini wakubwa wetu hapa wakifika Nyololo gari linakuwa kimya. Jiunge na klabu ya waandishi ya Mbeya mara utakapopata kitambulisho. Ukienda kwenye maandamano au penye ugomvi wa ardhi, watu wawili wajue ulipo: mhariri wako na mwenzako mmoja wa chombo kingine. Hakuna habari ninayoitaka kutoka kwako kwa gharama hiyo.

Kuhusu sauti yako, ile hofu uliyoniandikia kwamba walikucheka kwenye usaili kwa sababu ya lafudhi, imeniuma. Kazana nayo, ndiyo. Soma gazeti kwa sauti kila asubuhi, jirekodi, sikiliza penye r na l, rudia. Mimi na Kihehe changu nimepitia huko huko. Lakini usije ukaona haya kwa lugha ya kwenu. Hewani tunatumia Kiswahili, sawa, lakini ukifika Kiwira ukamsalimia mzee kwa Kinyakyusa, anavuta kigoda ukae. Mtangazaji mwenye sauti nyororo kutoka mjini anajibiwa amesimama.

Basi fanya hivi. Andaa demo ya dakika tatu, isizidi, maana mhariri hana subira ya zaidi. Dakika moja taarifa ya habari, na mbili zinazobaki ripoti fupi yenye sauti za watu halisi, wala usiniwekee muziki chini. Rekodi chumbani umejifunika blanketi zito kichwani pamoja na simu, mwangwi wote utakufa. Nitumie kabla ya katikati ya Julai niisikilize na mhariri wangu. Ni mkali, lakini anasoma kila anachotumiwa.

Mwezi Agosti nitakuja Mbeya na timu yetu kwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Nitakuwepo kuanzia siku za mwanzo hadi kilele. Njoo na daftari, nitakuzungusha kwenye mabanda nikukutanishe na wenzangu wa redio za kwenu, na nikuonyeshe jinsi ya kumhoji mtaalamu wa mbegu hadi aseme kitu ambacho mkulima anaweza kukitumia. Nitafikia kwa shangazi pale Mwanjelwa, kwa hiyo jioni tutakuwa na muda wa kutosha.

Shikamoo yangu mfikishie mama, na mwambie nguo ile aliyonishonea bado naivaa studio. Mjomba wa Tabata umshukuru, umwombe akutunzie hicho chumba.

Wako akupendaye,
Twilumba

N.B. Ukimpata mkulima wa viazi aliye tayari kupimiwa gunia lake, nipigie hata usiku.