Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ugavi: wapimwe kwanza, Afande

Jambo Afande,

Kwa heshima na taadhima tunakufahamisha kwamba shehena ya fulana za kuzuia risasi imefika stoo salama. Asante. Zote ni saizi ya kati, kama zile za mwaka jana, na askari wa kike wa kikosi kinachosafiri wameshaanza kuzikaza kwa kamba za buti.

Bamba la kauri linaloingizwa ndani ya fulana kuzuia risasi, la saizi ya kati, lina upana wa sentimita 24 na urefu wa 32. Ukingo wa juu hukaa kwenye kishimo cha koo, wa chini huishia juu ya kitovu. Kwa mwenye kiwiliwili kifupi linavuka kitovu. Akipiga goti, paja linalisukuma hadi kidevuni. Akilala kulenga, fulana inainua kofia ya chuma kwa nyuma, nayo inamfunika macho. Akiwa na fundo la nywele kisogoni ndiyo kabisa. Kitako cha bunduki hakipati bega, kinakalia ukingo wa bamba, halafu tunaambiwa mabinti hawana shabaha! Na mikanda ya ubavuni hata ikikazwa hadi mwisho, kwapani unabaki mwanya wa kupitisha mkono. Risasi inahitaji pungufu ya hapo.

Bamba dogo kabisa lipo, Afande, 18 kwa 29. Halikuvumbuliwa jana. Tunahisi tatizo ni fomu: ina safu ya idadi, haina ya vipimo, basi karani anajaza "kati" asije akakosea. Au mzabuni anauza saizi moja kwa bei nafuu. Wewe unajua zaidi.

Machi 8 uliahidi jukwaani kwamba hakuna binti atakayekwenda misheni na vifaa visivyomkaa. Tulipiga makofi. Umoja wa Mataifa, kwa mkakati wake wa 2018, unataka wanawake wafike asilimia 15 ya askari wa vikosi vya kulinda amani ifikapo 2028. Vichwa tunahesabu vizuri, vifua hatujapima.

Vipimo ni vitatu: mzunguko wa kifua juu ya kombati, kishimo cha koo hadi kitovu akiwa ameketi, na upana wa mabega. Futi ya fundi cherehani inatosha, dakika tano kwa askari mmoja. Habari ya mashanta na buti tutaandika siku nyingine. Leo tunaomba moja tu: oda ijayo isitiwe saini kabla hawajapimwa. Wapimwe, Afande. Hata kesho baada ya gwaride, futi tunayo.

Ni sisi watiifu wako,
Wagawa vifaa, stoo